Matairi ya AT kwa pikapu: soma ubavu kabla hujalipa

Mwezi wa tatu mwaka jana nilipoteza matairi mawili kwa siku moja kwenye kona za Hamsini na Saba. Anayeijua barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba hahitaji maelezo. Kwa wengine: ni kona 57 zilizokunjwa kwenye ukuta wa mlima, mawe yenye ncha, na bonde la Usangu liko chini kabisa ukichungulia. Tulikuwa tunashuka na viazi kwenye Hilux yangu ya milango minne. Tairi la nyuma kushoto likachanika ubavuni. Tukafunga spea. Kona chache mbele, la kulia nalo likachanika palepale ubavuni. Dereva wangu akapakia tairi kwenye bodaboda kuelekea Chimala, mimi nikabaki na mzigo mpaka saa nne usiku, na baridi ya milima ile si ya kusimuliwa.

Matairi yale yalikuwa na miezi minne tu. Kashata zake, yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara, zilikuwa nene, hata vile vinywele vya mpira vya kiwandani vilikuwa bado vinaonekana. Yalikuwa matairi ya AT (All-Terrain, ya barabara za kila aina) ya kampuni kubwa, orijino, si feki. Kilichoniuma ni hicho: sikununua vya bei rahisi, na bado nilikwama njiani.

Nilipofika Chimala, fundi pancha alilitazama tairi mara moja tu. "Mama, ubavu hauzibwi. Hapa ndipo nyuzi zinapobeba gari. Zikikatika, zimekatika." Akabonyeza ubavu wa tairi langu kwa kidole gumba, ukaingia ndani. Kisha akavuta tairi jingine kuukuu kutoka kwenye rundo lake, saizi ileile ya 265/65R17, akaniambia nibonyeze mwenyewe. Kidole changu hakikwenda popote. Akanionyesha maandishi: kwenye lile kuukuu, kabla ya namba, zilichorwa herufi LT. Kwenye langu hazikuwepo.

Ndiyo maana mwongozo huu hautakueleza kuhusu mlio wa tairi kwenye lami, wala umbo la kashata, wala litakwenda kilometa ngapi. Hayo kila muuzaji anayajua kwa moyo na atakwambia hata usipouliza. Mimi nitakaa kwenye ubavu, kwa sababu ndio usioulizwa na mtu, na kwa barabara zetu ndio unaokufa kwanza.

Jina moja, matairi mawili

Jambo ambalo sikuwa nalijua ni hili. Kampuni ileile inaweza kutengeneza tairi la jina lilelile, kashata zilezile, saizi ileile, kwa miundo miwili tofauti. Mmoja ni muundo wa gari la abiria, mwepesi na laini. Mwingine ni muundo wa gari la mizigo midogo, wenye mwili mzito zaidi. Ukiyasimamisha dukani kwa mbali, huwezi kuyatofautisha. Tofauti imeandikwa ubavuni.

La abiria utaliona limeandikwa 265/65R17 112S au 112H, namba moja na herufi ya kasi. La mizigo litaandikwa LT265/65R17 120/117S, namba mbili zenye mkwaju katikati. Hiyo 112 maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 120 ni kilo 1,400. Namba ya pili, 117, ni kilo 1,285, na inahusu magari yanayofunga matairi mawili pamoja kila upande nyuma, kwa hiyo kwa Hilux usihangaike nayo. Kwenye saizi nyingine badala ya LT mbele utakuta herufi C mwishoni, kama 205R16C. Hiyo nayo ni ya mizigo.

Usidanganyike kwamba shida ni kilo peke yake. Matairi mawili ya 112 nyuma yanabeba kilo 2,240, na Hilux iliyopakiwa tani moja kwa haki haifiki hapo. Shida ni unene wa ubavu. Ukipakia, tairi linatanuka pembeni. Kwenye kona kali gari linaegemea, ubavu unasogea nje ya kashata, na jiwe linakuta nyama laini. Kashata iwe nene kama tofali, jiwe halikupita huko.

Tafuta pia maandishi madogo karibu na ringi, yanayoanza na neno PLIES, halafu TREAD, halafu SIDEWALL. Hapo kampuni inataja tabaka. Ukiona mbele ya SIDEWALL pameandikwa 2 POLYESTER, ubavu una tabaka mbili. Ukiona 3 POLYESTER, nunua. Na muuzaji akikwambia tairi ni "10 ply" kwa hiyo lina tabaka kumi, hasemi kweli. Hicho ni kipimo cha nguvu kilichobaki tangu enzi za nyuzi za pamba. Kwenye maandishi ya LOAD RANGE, herufi E ndiyo hiyo hiyo ya kumi, D ni nane, C ni sita (hii si ile C ya mwishoni mwa 205R16C). Hakuna tairi la pikapu la siku hizi lenye tabaka kumi ubavuni.

Kitu kingine cha ajabu: pikapu za kazi, zile za kabini moja zenye ringi za chuma, mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa na matairi ya C, yale ya mizigo kama 205R16C. Ni sisi wenye milango minne na ringi za kung'aa za inchi 17 tunaopewa 112. Kwa hiyo anayekwambia "nunua kama lililokuja na gari" anakurudisha kwenye tatizo, labda kama gari lako linaishi kwenye lami ya Mbeya mjini. Kama linaishi huko, baki na muundo wa abiria, utafurahia ulaini wake, na mwongozo huu si wako.

Nafasi ya kwanza: BFGoodrich All-Terrain T/A KO2

Sifichi, mimi ni mtu wa BFGoodrich. Kampuni hii iko chini ya Michelin, na jina la All-Terrain wamelishika tangu 1976. Kwa 265/65R17 ya KO2 unapata LT ya 120/117S, na ubavu wenye tabaka tatu ndio walioujengea sifa. Kashata zimeshuka mpaka pembeni ya bega, hivyo jiwe linakutana na mpira mnene kabla ya kufika kwenye nyuzi. KO3 ilianza kuuzwa Marekani 2024. Ukiikuta, isome ubavu kwa namna ileile, lakini mimi ninayemwamini kwa sasa ni KO2 kwa sababu ndiye niliyepanda naye Matamba msimu mzima wa viazi bila kufungua spea.

Lawama zake nitazisema. Ni zito. Gari tupu linarukaruka, mgongo unajua. Mafuta yanaongezeka kidogo na usukani unakuwa mzito kwenye maegesho. Na bei yake, Mungu anisamehe, inauma.

Nafasi ya pili: General Grabber AT3

Nalo chukua la LT tu. Tairi hili linanigusa kwa sababu nyingine. Waliokua miaka ya themanini wanakumbuka matairi ya General Tyre ya kiwanda cha Arusha, kiwanda cha serikali yetu kwa ubia na General Tire ya Marekani, iliyonunuliwa baadaye na Continental wa Ujerumani. Malori ya nchi hii yalitembea kwa matairi yaliyotengenezwa hapa hapa. Kiwanda kikafungwa, na kila ahadi ya kukifufua nimeisikia nikiwa kijana mpaka sasa nina watoto wa sekondari. Leo jina lile la General, ambalo bado ni la Continental, linarudi kwetu ndani ya kontena kupitia bandarini, na tunalilipa kwa thamani ya dola. Kila shilingi ikiyumba, bei ya tairi inapanda wiki hiyo hiyo. Shilingi ikitulia, haishuki. Nimefuatilia.

Kwa tairi lenyewe: imara, linatoa tope vizuri, na kwenye lami ya mvua pale Mlima Nyoka lilinipa utulivu kuliko KO2.

Nafasi ya tatu: Yokohama Geolandar A/T G015

Hapa ndipo uwe macho kuliko kote, kwa sababu kwa 265/65R17 G015 lipo la 112H na lipo la LT 120/117S, na maduka mengi yanaleta la 112H. La LT ni tairi zuri sana, tulivu, linakaa muda mrefu. La 112H ni zuri pia, kwa mwalimu anayekwenda shule ya kata kwa barabara ya udongo isiyo na mawe. Usilipandishe Hamsini na Saba na gunia hata moja.

Dunlop Grandtrek AT25, ambalo magari mengi huja nalo, ni la 112S. Kwa shamba lenye mawe siliweki.

Matairi ya bei nafuu kutoka China yako mengi, na mengine yana LT iliyoandikwa vizuri. Kama bajeti ndiyo hiyo, afadhali LT la China jipya kuliko 112 la jina kubwa. Mtumba sinunui.

Upepo

Wengi wanafunga LT halafu wanajaza upepo wa kwenye stika ya mlango. Stika ile iliandikwa kwa tairi lililokuja na gari. LT linahitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito uleule. Likiwa na upepo mdogo linakunjikakunjika, linapata moto na linapasuka, halafu unalaumu kampuni. Mimi gari tupu naweka psi 36 kote, na likiwa na mzigo naweka 50 nyuma. Nunua kipimo chako mwenyewe. Vya vituo vya mafuta nimevipima viwili kwa siku moja, vikatofautiana kwa 6.

Angalia pia tarehe: tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Likipita miaka mitatu dukani, liache.

Wauzaji

Niliporudi kwa aliyeniuzia, nikiwa na matairi mawili yaliyochanika, aliniambia, "Dada yangu, wewe uliomba AT, nami nimekupa AT." Ni kweli, niliomba AT. Lakini nilimweleza pia kwamba nabeba viazi kutoka Matamba. Nilimtajia hata barabara. Alikuwa anajua, kwa sababu siku hiyo hiyo aliniambia LT zipo store lakini "hizo za malori, dada, zitakuumiza". Kwa kuwa mimi ni mwanamke, aliamua kwamba nahitaji ulaini.

Na nimechoka na picha za WhatsApp. Unaomba tairi, unatumiwa picha ya kashata imepigwa kutoka mbele, imepakwa mafuta inang'aa. Unaomba picha ya ubavu, unaulizwa, "Ya nini, mama?" Wengine wanakuonyesha alama ya mlima na kipande cha theluji wakisema ni alama ya uimara. Ni alama ya kukanyaga theluji. Matamba tuna baridi, theluji hatuna.

Halafu risiti. Bei unayotajiwa ni ya bila risiti ya EFD. Ukiiomba, wanaongeza 18 kwa mia palepale, kana kwamba kodi ni adhabu ya mteja anayeuliza. Bila risiti ile huna pa kushika tairi likitoa nundu wiki ya pili. Seti niliyofunga sasa nililipia na risiti, na kabla ya kulipa niliyalaza yote manne sakafuni, nikapiga magoti na tochi ya simu, nikasoma SIDEWALL moja baada ya jingine. Muuzaji alisubiri.