Chumba cha ubunifu maktabani: uzoefu wangu kama mzazi

Binti yangu ana miaka tisa, na muhula huu Jumamosi zetu zimekuwa za chumba cha ubunifu katika maktaba moja ya umma hapa Nairobi. Nauli ya matatu inatugharimu zaidi ya ada yenyewe. Mzazi asiye na kompyuta nyumbani ndiye ninayemwandikia hasa.

Wanaanza na Scratch, programu ya bure ya kuwafundisha watoto kuiandikia kompyuta amri, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha MIT kule Marekani na kutolewa mwaka 2007. Mtoto huburuta vipande vya rangi, akavipachika kimoja chini ya kingine, na paka aliye kwenye skrini akafuata amri. Inaweza kuwekwa Kiswahili, na nimeona watoto waliokuwa kimya wakianza kubishana kwa sauti mara tu maneno yalipobadilika.

Baadaye wakapewa micro:bit, bodi ndogo ya kielektroniki ya kutosha kiganjani, inayopewa amri kwa vipande kama vile vya Scratch, yenye taa 25, vitufe viwili na kihisi cha mwendo. Binti yangu akaunda kihesabu hatua, akajifunga mguuni. Kikawa kinahesabu hata akiwa amesimama! Mkutubi hakugusa kipanya. Alimuuliza tu, "Umekiambia kiongeze hesabu wakati gani?" Mtoto akarudi kwenye vipande vyake, akavisoma polepole, akaona hesabu ameiweka kwenye "daima" badala ya "inapotikiswa". Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Katika darasa la kulipia tulilojaribu awali, mwalimu angerekebisha mwenyewe na kupita kwa mwingine. Kwa hili peke yake, mkutubi yule namshukuru sana.

Kasoro zipo. Bodi ni chache, watoto hukaa wawiliwawili, na aliye mkubwa hung'ang'ania kipanya. Naomba wahudumu waweke zamu, maana wasichana wadogo ndio wanaobaki watazamaji. Pia kazi hufutwa kwenye mashine za pamoja, kwa hiyo beba flashi. Faili ya Scratch itafunguka kwenye kompyuta yoyote iliyowekwa programu hiyo, hata bila intaneti.

Kwa mtoto wa miaka mitano hadi saba, ulizia ScratchJr, kwani Scratch yenyewe imelenga kuanzia miaka minane. Na fikeni mapema: ikikaribia mitihani, wanafunzi wa sekondari hujaza meza zote kabla ya saa nne asubuhi.