Tathmini: mfumo wa pamoja wa kuvuna maji ya mvua, wa mjini na wa kijijini

Najua wengi wenu mnaosoma tathmini mnaruka hadi chini kutafuta nyota, kwa hiyo hukumu naitoa mapema: nunueni, ila msinunue kwa mpangilio anaowapangia muuzaji. Muuzaji anauza tangi. Ndilo kubwa, ndilo linaloonekana barabarani, na ndilo lililochapwa kwenye karatasi yake ya matangazo. Mimi ningeanza na paa, nikaja kwenye gata (mfereji wa ukingoni mwa paa), kisha bomba la maji ya kwanza, lile la kutenga maji machafu ya mwanzo wa mvua, kisha mtu wa kushika ufunguo, na tangi lingefuata baada ya hapo.

Ninaotathmini ni mifumo miwili. Wa kwanza ni wa jengo letu la ghorofa hapa mjini. Tulichangishana, wapangaji na wenye nyumba, tukanunua seti nzima kutoka kwa muuzaji mmoja: tangi jeusi la plastiki la lita 5,000, gata za plastiki za nusu duara, mabomba ya kushushia maji, bomba la maji ya kwanza, chujio la wavu na koki. Wa pili ni wa kikundi cha akina mama kijijini, mama yangu akiwemo. Wao hawakununua seti. Walimtafuta fundi, wakajenga tangi la saruji na wavu wa chuma ubavuni mwa shule. La mjini ufunguo wake ninao mimi, na la kijijini nachota kila ninapomtembelea mama, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa.

Twende kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo iliyorukwa siku tuliyokuwa tunashawishiwa. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Hamna fumbo hapo. Kwenye paa la mabati maji hupotea kiasi, mengine yanaruka pembeni na mengine yanakauka juu ya bati lenye moto, basi zidisha kwa 0.8. Upande wa paa letu unaomwaga kwenye gata ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 25, ile ya alasiri moja yenye hasira, inatuletea lita 1,200. Zikija nne za namna hiyo kabla watu hawajachota, tangi linakaribia kujaa, na ya tano sehemu kubwa inamwagika.

Sasa geuza upande wa pili. Familia ya watu 5, kila mmoja lita 20 kwa siku, inatumia lita 100. Lita 5,000 zitaivusha siku 50. Zikiwa familia 10 za ukubwa huo, ni siku 5. Karatasi ya muuzaji iliandika kwa herufi kubwa kwamba tutakuwa na maji mwaka mzima. Mwaka wa sayari gani, sijui. Mahali penye ukame wa miezi mitatu, hiyo familia moja peke yake ingehitaji lita 9,000 ili ifike mvua nyingine bila kuomba.

Kwa hiyo sisi wa mjini tulikubaliana mapema: maji ya tangi ni ya choo, sakafu, kufua na mimea. Ya kunywa yanabaki kuwa ya bomba. Kwa matumizi hayo mfumo unalipa, tena sana, kwa kuwa choo na kufua ndivyo vinavyokomba maji ya nyumba. Na maji ya mvua ni laini, sabuni inatoa povu kwa haraka. Jirani wa juu ambaye alikataa kuchanga ndiye siku hizi anashuka na ndoo wa kwanza. Tumemsamehe, lakini tunamhesabia.

Sasa gata. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mifumo mingi inapofia, na watu wanalaumu mvua.

Gata inatakiwa kuteremka kuelekea bomba, angalau sentimita 1 kwa kila mita. Vishikizo vyake viwe karibu karibu, nusu mita hivi kutoka kimoja hadi kingine. Ukubwa wake uendane na paa: kanuni ya mafundi ni sentimita 1 ya mraba ya tumbo la gata (uwazi wake ukiikata kwa upana) kwa kila mita 1 ya mraba ya paa inayoihudumia. Fundi aliyeletwa na muuzaji wetu aliweka vishikizo zaidi ya mita moja kutoka kimoja hadi kingine. Msimu wa kwanza haujaisha, gata zikalegea katikati. Maji yakawa yanasimama kwenye bonde, majani yanaoza humo, mbu wanafurahi. Tulipolalamika tukaambiwa dhamana ni ya tangi, si ya ufungaji. Hiyo sentensi nendeni nayo dukani: ulizeni dhamana inamhusu nani na kitu gani, kabla pesa haijatoka mkononi.

Jambo jingine kuhusu gata ambalo sikuliona kwenye seti yoyote ya dukani. Mvua kubwa ikipiga kwenye paa lenye mwinamo mkali, maji yanakuja kwa kasi na kuruka juu ya gata, yanaanguka nje. Unasimama dirishani unayatazama maji yako yakienda mtaroni. Fundi wa kijijini alilimaliza kwa ukanda wa bati uliokunjwa, ukapigiliwa kwenye ukingo wa paa ukining'inia mbele ya maji na kuyaelekeza chini. Gata yenyewe aliikunja kwa umbo la V kutoka bati la kawaida, akaifunga kwa waya kwenye ukanda huo huo. Mteremko unarekebishwa kwa kukaza au kulegeza waya. Hakuna plastiki, hakuna kishikizo cha kuagiza kutoka mbali. Kwa gata, kijiji kimetushinda bila ubishi.

Bomba la maji ya kwanza. Mvua inayoanza husafisha paa: vumbi, kinyesi cha ndege, majani, mjusi aliyekauka. Hayo hayatakiwi tangini. Bomba hili husimama wima kando ya njia ya kwenda tangini. Maji ya mwanzo yanaingia humo, likijaa mpira ulio ndani unaelea na kuziba mdomo, na yanayofuata yanapita kwenda tangini. Wazo ni zuri sana. Lakini kwa paa la mita za mraba 60, kumwaga nusu milimita tu ya mwanzo ni lita 30. Letu lilikuja la lita 10. Tumeliongezea urefu wenyewe. Tena chini lina tundu dogo la kujimwaga polepole ili liwe tupu mvua ijayo. Tundu hilo huziba kwa mchanga, na likiziba bomba linabaki limejaa na uchafu wote wa mvua inayofuata unapita moja kwa moja. Likague kila mvua inapokatika. Kuna majirani wanaoona uchungu kuona maji yanamwagwa na hutaka bomba lifungwe kabisa. Waonyesheni rangi ya maji hayo kwenye ndoo nyeupe, watanyamaza.

Tangi lenyewe sina ugomvi nalo. La plastiki ni jeusi, mwanga hauingii, kwa hiyo ukijani hauoti ndani. Jambo la kuangalia ni kitako. Lita 5,000 ni tani 5. Udongo laini utazama upande mmoja na tangi litapasuka au kuvuta mabomba. Tulimwaga zege kwanza, na hilo fundi alilifanya vizuri, nampa haki yake. Koki iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Mfuniko, mdomo wa kuingizia na bomba la kumwagia maji ya ziada vyote viwe na wavu wenye matundu madogo, maana mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengi, anapenda sana maji safi yaliyotulia kama haya.

La saruji na wavu lina tabia nyingine. Wiki za mwanzo linataka kumwagiwa maji kila siku lisikauke kwa pupa na kupasuka, na maji ya kwanza yana ladha ya chokaa. Ila likipata ufa, fundi wa jirani analiziba kwa saruji. La plastiki likipasuka, tafuta jingine. Kwa shule na zahanati ningechagua la saruji. Kwa ua mdogo wa mjini, la plastiki, kwa sababu linafungwa kwa siku moja na mwenye nyumba akibadili mawazo linahamishika.

Si jambo la kujaribisha, msije mkadhani sisi ni waanzilishi. Kaskazini mashariki mwa Thailand, miaka ya 1980, mitungi mikubwa ya saruji iliwekwa kwenye nyumba za vijijini kwa mamilioni. Brazil ilianza mwaka 2003 mpango wa matangi milioni moja kwa nyumba za eneo lake kame, kila tangi lita 16,000; ukiilinganisha na lita zetu 5,000 unaelewa walipiga hesabu ya kiangazi kwanza. Bermuda sheria inadai paa la nyumba livune mvua. Tokyo, ukumbi wa mieleka ya sumo wa Ryogoku uliofunguliwa mwaka 1985 huvuna maji ya paa lake na kuyatumia vyooni, kama sisi. Na Tamil Nadu, India, mwaka 2003 ililazimisha majengo yote kuvuna mvua, mengi yakiyarudisha ardhini ili visima vijae. Hilo la mwisho tumeliiga: maji ya ziada ya tangi letu tunayaelekeza kwenye shimo lenye kokoto badala ya kuyaachia yatafune msingi.

Ya kunywa, basi. Kijijini wanayanywa, na kwao ni afadhali kuliko kisima, maana maji ya mvua hayana madini ya floraidi yanayotia madoa meno ya watoto kwenye sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Lakini kutokuwa na floraidi si kutokuwa na vijidudu. Wanachemsha, au wanatia dawa ya klorini, au wanaweka kwenye chupa angavu za plastiki juani kwa muda wa saa 6, au siku 2 kukiwa na mawingu. Na kama paa ni la asbesto au lina rangi yenye risasi, hayo maji yabaki ya kufulia.

Sehemu ya watu ndiyo haiuzwi dukani. Kijijini koki iliachwa wazi usiku wa kuamkia likizo ya shule na tangi likaisha. Tangu hapo koki ina kisanduku cha chuma chenye kufuli, na funguo ziko kwa watu wawili wasiokaa nyumba moja. Mjini tumebandika karatasi: nani anasafisha gata mwezi huu, ndoo ngapi kwa kila nyumba maji yakishuka chini ya alama tuliyochora. Bila karatasi hiyo tangi lilikuwa la wanaoamka mapema.

Nyota: tangi la plastiki 4 kati ya 5, tangi la saruji 5, gata za seti 2, gata za V za fundi wa kijijini 5, bomba la maji ya kwanza 3 kwa sababu ya ukubwa wake. Huduma baada ya mauzo, 1.

Kama mchango wenu hautoshi seti nzima, nunueni gata nzuri za paa lote na tangi dogo, mkiacha tundu lenye kizibo karibu na kitako cha tangi. Mwakani mtaunganisha la pili hapo kwa bomba fupi, yote yatajaa kwa usawa. Tulipomuuliza muuzaji kama seti yake ina tundu hilo alisema halina, inabidi kutoboa. Litobolewe pale pale dukani, kabla halijapakiwa.