Digrii ya uuguzi kwa aliye diploma: njia zipi ni nafuu kweli, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Zamu ya usiku ikishatulia na dawa za saa sita zimeshatolewa, wanafunzi wa mwaka wa tatu hunifuata kaunta na swali lile lile: "Sista, digrii chuo gani ada iko chini?" Zamani nilikuwa nawatajia chuo. Siku hizi nachukua karatasi ya chati iliyoharibika, naigeuza nyuma, tunapiga hesabu.

Tuseme chuo cha umma ada yake ni milioni 1.6 kwa mwaka, na cha binafsi ni milioni 4. Kwa miaka minne ni milioni 6.4 dhidi ya 16. Tofauti ni milioni 9.6, nyingi, hakuna anayebisha. Sasa tuseme una kazi inayokuachia laki sita mkononi kila mwezi, na unaiacha ukasome miaka minne. Umepoteza milioni 28.8. Ada inakuuma kwa sababu ina risiti. Mshahara uliouacha hauna risiti, kwa hiyo hakuna anayeuhesabu.

Ndiyo maana mpangilio wangu haufuati ada peke yake. Naangalia pesa inayotoka mfukoni, mshahara unaopotea, na kama digrii utakayotoka nayo Baraza la Uuguzi na Ukunga litaipokea bila maneno. Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar ina bodi yake ya mikopo na baraza lake, sehemu ya haya haitamhusu aliyeko huko.

Na jambo moja uliweke kichwani kabla hatujaanza: vyuo vingi havikupunguzii miaka kwa sababu una diploma. Diploma ni tiketi ya kuingia mlangoni, si punguzo la bei. Utakaa mwaka wa kwanza na mtoto wa Form Six anayejifunza kufunga mashine ya presha, wakati wewe umeshazalisha akina mama usiku umeme umekatika. Utavumilia. Miaka minne, kisha mwaka mmoja wa intern, yaani mazoezi ya kazi hospitalini.

Nafasi ya kwanza: chuo cha umma kwa mkopo wa bodi, mara tu unapomaliza diploma

Hii ndiyo ya kununua kama huna ajira mkononi. Muhimbili (MUHAS) pale Upanga na Chuo Kikuu cha Dodoma ndizo anwani za kuanzia. Ada ya vyuo vya umma kwa kozi hii kwa kawaida haizidi milioni mbili kwa mwaka, na hospitali za kujifunzia ziko mlangoni: Muhimbili yenyewe kwa wa kwanza, Benjamin Mkapa kwa wa pili.

Lakini si ada inayoipa nafasi ya kwanza. Ni bodi. Mkopo wa HESLB, yaani bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haulipi ada tu, una pesa ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, una vitabu na mafunzo kwa vitendo. Kozi za afya zimo kwenye vipaumbele vya bodi. Kiasi utakachopata hutegemea hali ya familia yako, kwa hiyo usipige bajeti ukidhani ni asilimia mia. Ukija kuajiriwa, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaliza kaka na dada zetu, ilifutwa 2021.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoanguka. Mkopo una saa inayotembea. Miongozo ya bodi imekuwa ikitaka mwombaji asizidi miaka 35, awe amemaliza Form Six au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita, na asiwe na ajira rasmi yenye kipato. Soma hilo la mwisho mara mbili. Ukishasaini mkataba na hospitali, hata ya binafsi, hata ya mshahara wa kubabaisha, unajitoa mwenyewe kwenye foleni.

Mimi nilijitoa. Nilimaliza diploma nikasema nifanye kazi miaka miwili tu, nijikusanyie ada. Hospitali ilikuwa ndogo, mshahara ulichelewa kila mwezi, na kila nilichoweka kiliondoka na kodi ya chumba, harusi ya kaka, na matanga. Miaka miwili ikawa sita. Nilipofungua mwongozo wa bodi, mlango ulikuwa umeshafungwa na mimi ndiye niliyeufunga.

Kama ulipata mkopo wa diploma (bodi ilianza kuwakopesha wa diploma mwaka 2023/24, afya ikiwamo), ujue lile deni linakusubiri na hili litapanda juu yake. Si sababu ya kuacha, ila lijue.

Kasoro ya njia hii ni ushindani. Kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa mwenye diploma ni GPA ya 3.0, yaani wastani wa B. Hicho kinakuruhusu kuomba. Hakikuhakikishii kuchaguliwa, maana viti vya uuguzi ni vichache na mnagombania na wa Form Six.

Nafasi ya pili: serikali kwanza, halafu ruhusa ya masomo

Kwa pesa tupu, hii ingekuwa ya kwanza. Unaajiriwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi, unamaliza miezi 12 ya majaribio, unathibitishwa, unaingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, unakwenda kusoma huku mshahara wa msingi unaingia. Zile milioni 28.8 za kwenye karatasi yangu hazipotei, isipokuwa ekstra na posho za zamu.

Nimeiweka ya pili kwa sababu huwezi kuinunua unapotaka wewe. Ajira zikitangazwa, waombaji ni wengi kuliko nafasi, na kuna wauguzi wa diploma wanaouza vocha na kuendesha bodaboda wakisubiri. Kisha kuna ruhusa yenyewe. Kituo chenye wauguzi watatu, mmoja akiondoka miaka minne, mganga mfawidhi atakuwa na la kusema. Mkiwa wawili mnaoomba, mmoja atasubiri. Usiondoke bila barua iliyosainiwa. Nimeona mtu amelipa ada ya muhula wa kwanza kwa ahadi ya mdomo, akaitwa arudi kituoni kama mtoro.

Ukirudi na cheti, mshahara haupandi siku hiyo. Unaomba kubadilishwa kada, kutoka ngazi ya mshahara ya TGHS B ya msaidizi kwenda TGHS C ya Afisa Muuguzi, na hilo hungoja kibali na bajeti. Kwa muda huo utafanya kazi ya digrii kwa mshahara wa diploma. Peleka nakala ya matokeo yako kwa katibu wa afya mapema, waingize kwenye bajeti ijayo, na usione haya kukumbushia.

Nafasi ya tatu: kusoma huku unafanya kazi

Hii ndiyo niliyopita mimi, nikiwa na watoto wawili na mwenye nyumba asiyejua neno "mwanafunzi." Chuo Kikuu cha Aga Khan kilileta Afrika Mashariki mwaka 2001 programu ya wauguzi walio kazini wenye diploma na leseni: darasani siku mbili kwa wiki, siku zilizobaki uko wodini kwako, na unamaliza kwa kama miaka miwili na nusu. Hapa ndipo diploma yako inapokupunguzia miaka kweli.

Ada ya muhula ukiitazama peke yake inatisha. Lakini rudi kwenye karatasi. Mshahara hauachi, na muda ni miaka miwili na nusu badala ya minne. Kabla ya kukimbia, uliza ufadhili, maana programu hii imekuwa na wafadhili kwa miaka mingi. Uliza pia ratiba ya mwaka unaoingia, usitegemee simulizi za waliomaliza zamani, mimi nikiwamo.

Anayefaidi ni anayeishi Dar es Salaam au karibu, mwenye mwajiri atakayemwachia zile siku mbili. Nauli ya kutoka Songea kila wiki itakula faida yote. Na mwili pia una bei yake. Kutoka usiku, kuoga, kuingia darasani saa mbili asubuhi: niliwahi kusinzia katikati ya mada ya usingizi.

Nafasi ya nne: chuo binafsi au cha dini

Hubert Kairuki pale Mikocheni, KCMC Moshi, Bugando Mwanza. Sina neno baya juu ya mafunzo yao. KCMC na Bugando ni hospitali za rufaa, utaona wagonjwa wa kila aina. Nimeziweka chini kwa bei tu, kwani ada huanzia kama milioni tatu kwa mwaka kwenda juu.

Mambo mawili yanaweza kuipandisha njia hii hadi juu ya pili. La kwanza ni mkopo: bodi inakopesha na wanafunzi wa vyuo binafsi, wengi hawajui. Asilimia yako ikiwa kubwa, unabaki na pengo dogo. La pili ni kitanda cha nyumbani. Msichana wa Mwanza anayelala kwao na kula kwa mama yake anaweza kumaliza Bugando kwa gharama isiyozidi sana ya mwenzake aliyepanga chumba Upanga.

Ila omba orodha kamili ya malipo kwa maandishi, siyo ada pekee. Kutakuwa na mitihani, sare, usajili, mahafali, shilingi 20,000 za TCU kila mwaka, na bima ya NHIF ya mwanafunzi shilingi 50,400 kama huna bima nyingine. Uliza pia kama unaruhusiwa kufanya mtihani ukiwa na deni. Jibu la swali hilo ndilo litakalokutoa jasho mwaka wa tatu.

Nafasi ya tano: kwenda nje

Mawakala watakufuata, hasa wa India, na karatasi zenye picha nzuri. Kabla ya kutoa senti, pita TCU uulize kama chuo hicho kinatambuliwa, kisha pita Baraza uulize utasajiliwaje ukirudi. Ongeza tiketi, viza, na kushuka kwa shilingi. Mwenye ufadhili kamili aende. Anayeuza shamba la baba, abaki.

Nisiyokushauri: digrii yoyote ilimradi digrii

Chuo Kikuu Huria ni chuo halali na kimeokoa watumishi wengi. Lakini shahada ya sosholojia au utawala haikufanyi Afisa Muuguzi, na haikutoi kwenye kada ya msaidizi. Kama unataka kuhama wodi kabisa, sawa, ni uamuzi wako wa mtu mzima. Kama unataka kupanda ukiwa muuguzi, umenunua kiatu kisichokuwa namba yako.

Ukiwa bado chuoni

Fungua matokeo yako ya Form Four leo. Ulipoingia diploma walitaka Kemia, Baiolojia na Fizikia, wakasema Hisabati na Kiingereza ni nyongeza tu. Baadhi ya vyuo vikuu huitaka D ya hayo mawili pia. Ukikuta F, jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea ufanye Novemba ukiwa ungali mwanafunzi, kwani ukishaanza kazi hutapata muda wa kurudia maumbo ya pembetatu. Vitabu vya udahili vya TCU hutoka viwili, cha Form Six na cha wenye diploma. Soma hicho cha pili, chuo kwa chuo.

GPA ichunge tangu muhula wa kwanza. Matokeo yakitoka, omba namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, ile AVN, maana bila hiyo mfumo wa maombi wa chuo kikuu haukutambui kuwa una diploma.

Na majina yafanane kwenye vyeti vyote. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alinionyesha simu yake pale kaunta: cheti cha kuzaliwa kinasema Mariamu, cha Form Four kinasema Mariam, na chuoni wamemwandika kwa majina mawili badala ya matatu. Dirisha la bodi linakaribia. Nilimwambia asubuhi akimaliza kukabidhi zamu asiende hosteli kulala, apitilize kwa wakili akaape kuwa majina yote ni yake. Akauliza kama anaweza kwenda Jumatatu. Nikamwonyesha ile karatasi ya chati.