Elden Ring au Ragnarök? Nimezimaliza zote, na kombe la 2022 lilienda panapostahili

Ubishi wa 2022 bado unawaka kila wanapokutana wachezaji, na wengi wanaopiga kelele wamemaliza gemu moja tu kati ya hizi mbili. Nimezicheza zote kwenye PS5. Desemba 8 mwaka ule, The Game Awards, sherehe ya kila mwaka ya tuzo za gemu, iliipa Elden Ring tuzo ya gemu bora ya mwaka, ingawa God of War Ragnarök iliondoka na tuzo sita kwa nne. Kabla hujamtukana mtu, jua hesabu yao: asilimia 90 ya kura ni za majaji wa vyombo vya habari, mashabiki wana 10 tu.

Ragnarök ina hadithi tamu na inapigana vizuri, hilo halina mjadala. Kinachoniudhi ni midomo ya Atreus na Mimir, wenzako wa safari. Hujamaliza hata kulitazama fumbo, wameshakutajia pa kurusha shoka. Elden Ring haina hata orodha ya kazi ulizopewa. Mhusika akikuambia anaelekea kaskazini, andika pembeni, maana usipomfuata kwa wakati hadithi yake inakufa kimyakimya. Hapo ndipo wakosoaji walipogawanyika, na mimi niko upande wa wanaopenda kuachwa wapotee.

Ila mwanzo wa Elden Ring unafukuza watu. Ukiingia tu Limgrave, eneo la kwanza, unakutana na mpanda farasi wa dhahabu, Tree Sentinel. Mpite kwa mbali. Nenda Church of Elleh, kisha kituo cha Gatefront, upumzike pale msichana Melina akupe farasi Torrent. Rudi Church of Elleh ukutane na mchawi Renna, akupe kengele ya kuitia mizimu ikusaidie kupigana. Wengi hupita bila kuichukua, halafu wanalalamika gemu ni ngumu.

Bosi wa kwanza mkubwa, Margit, ndiye anayewarudisha watu dukani na diski zao. Kosa lao huwa ni kuweka pointi zote kwenye nguvu. Fikisha Vigor, yaani pointi za uhai, 20 kwanza. Silaha ipandishe hadi +3: inakula Smithing Stone (mawe ya kuboreshea silaha) za daraja la kwanza 12 (2, halafu 4, halafu 6), na meza ya Church of Elleh inatosha kwa kazi hiyo. Angalia na mzigo: ukivaa vitu vizito kupita asilimia 70 ya uwezo wako, ukikwepa unabiringika kama gunia la mkaa. Margit mwenyewe ni mjanja wa kuchelewesha. Fimbo anainyanyua, anaishikilia hewani, wewe unabiringika mapema, inakushukia ukiwa unainuka. Subiri mkono uanze kushuka ndipo ubonyeze. Ukishindwa kabisa, mchuuzi Patches wa Murkwater Cave anauza pingu ya kumbana chini, runi (pesa za gemu) 5,000. Inafanya kazi mara mbili tu, tena kabla hajabadilika na kutoa nyundo.

Kasoro zipo. Mabosi wa mapangoni wanajirudia mpaka unachoka, na kuanzia milima ya theluji kipigo kinapanda kupita kiasi. Chini ya Vigor 40 ni kujitafutia maudhi.

Picha nazo zina tatizo. Toleo la PS5 halishiki fremu 60 kwa sekunde kwa uthabiti hata ukichagua kuipa kasi kipaumbele, na ukizunguka na farasi uwanda wazi unaliona. Dawa ni kucheza toleo la PS4 juu ya PS5: picha inafifia kidogo, lakini mwendo unatulia sana. Kwa hiyo ukinunua diski chukua ya PS4, kwani inakupa na toleo la PS5 bure, mradi mashine yako iwe na sehemu ya diski. Anza kabisa na la PS4, kwa sababu ulichohifadhi humo kinahamia PS5, ila cha PS5 hakirudi.