Sanduku la mawimbi la dola 65: linafaa, ila lipime kabla ya kuliamini

Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa Bukavu, na kwa miaka mingi somo la mawimbi nimelifundisha kwa chaki, ubao na kamba ya kuanikia nguo. Muhula uliopita niliingia katika duka moja la mjini nikakuta sanduku la vifaa vya majaribio ya mawimbi, nikaambiwa dola 80, tukaelewana kwa 65. Ndani yake mna springi ndefu ya chuma, diapazoni, yaani uma wa chuma ambao ukigongwa hulia kwa sauti moja tu, mrija wa plastiki, prisma, yaani kipande king'avu cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za nuru, tochi ndogo ya leza nyekundu, na kibao chembamba cha plastiki chenye mistari myembamba mno ya kutawanya nuru. Mna pia kijitabu cha maelezo kwa Kichina na Kiingereza, ambacho darasani kwangu kimetumika kuegemezea prisma.

Springi ndiyo iliyorudisha fedha yangu mapema kuliko vingine. Tulifunga utepe mwekundu katikati yake, wanafunzi wawili wakashika ncha, mmoja akatikisa mkono pembeni mara moja. Nundu ilikimbia hadi upande wa pili, ikagonga mkono uliotulia, ikarudi ikiwa imegeukia upande mwingine, na muda wote huo utepe ulisogea kidogo tu kisha ukarudi mahali pake. Msichana mmoja anayekaa karibu na ziwa alisema ndivyo unavyofanya mtumbwi uliofungwa: wimbi linapita chini yake, lakini mtumbwi haulifuati. Sikuwa na la kuongeza. Baadaye tukaisukuma springi kwa urefu wake badala ya pembeni, na wanafunzi wakaona mikunjo ikibanana na kuachana mfululizo. Hewa hufanya vivyo hivyo sauti inapopita ndani yake, ila haionekani. Tahadhari ni moja: vijana wawili waliivuta kupita kiasi, na sehemu iliyonyooka haijarudi hadi leo.

Diapazoni imeandikwa 440, maana yake hutetemeka mara 440 kwa sekunde, na programu ya simu ya kupimia noti ilikubaliana nayo. Tatizo ni mrija. Jaribio lenyewe ni zuri: mrija unasimamishwa ndani ya ndoo ya maji, diapazoni inayolia inashikwa juu ya mdomo wake, kisha mrija unapandishwa polepole hadi sauti ivimbe ghafla. Hilo hutokea urefu wa hewa juu ya maji unapokaribia robo ya urefu wa wimbi, yaani umbali wa wimbi moja zima, na tena unapokaribia robo tatu. Mara ya kwanza tuliisikia kwenye sentimita 18 na nusu. Ya pili ilitakiwa kuja karibu na sentimita 58, lakini mrija wa sandukuni una sentimita 40. Aliyeupanga hakupiga hesabu, au alipiga akaona plastiki inagharimu.

Nilikwenda soko la Kadutu nikanunua kipande cha tiyo ya maji cha mita moja. Sauti ilivimba tena kwenye sentimita 57 na nusu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili, sentimita 39, ni nusu ya urefu wa wimbi, na uzuri wa kutumia tofauti ni kwamba kosa dogo linaloletwa na mdomo wa mrija, kwa kuwa hewa inayotetemeka huuvuka kidogo, linajifuta lenyewe. Urefu wa wimbi ni sentimita 78. Ukizidisha kwa 440 unapata mita 343 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya sauti katika hewa ya nyuzi 20. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama haikupasa kupungua, kwa kuwa hapa tuko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani. Swali hilo pekee lingetosha kulipia tiyo. Jibu ni hapana: tukipanda juu, kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, na uzito wake hupungua pamoja, na kasi hubaki ikitegemea joto.

Leza ndiyo iliyonipa kazi. Kibao kimeandikwa mistari 500 kwa kila milimita, na leza imeandikwa nanomita 650, yaani urefu wa wimbi la nuru yake; nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa namba hizo, ukikiweka kibao mita moja kutoka ukutani na kupitisha leza ndani yake, nuru hugawanyika kuwa madoa, na doa la kwanza la pembeni linapaswa kuangukia sentimita 34 kutoka doa la katikati. Letu liliangukia 42. Tulipima mara tatu, tukabadilisha rula, likabaki 42. Ama leza ilikuwa na uongo, ama kibao. Ingekuwa leza, urefu wa wimbi lake ungefika nanomita 780, kwenye ukingo kabisa wa kile jicho linachoweza kuona, wakati doa letu lilikuwa jekundu la kung'aa. Ili kuondoa shaka nilichukua CD ya zamani ya muziki, kwa sababu mistari ya mizunguko yake hutawanya nuru kama kibao, nayo imeachana kwa maikromita 1.6 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), nikaielekezea leza kupitia tundu la kartoni iliyosimama mita moja mbele yake. Doa lililorudi kwenye kartoni lilikaa sentimita 44 na kidogo, kama hesabu ya nanomita 650 inavyotaka. Leza ilisema kweli. Kibao kina mistari 600.

Kuhusu leza hiyo, kibandiko kinadai nguvu yake haifiki miliwati moja. Baada ya mambo ya kibao siwezi kukiamini kibandiko, kwa hiyo hakuna mwanafunzi anayeishika bila mimi kuwa karibu, na haielekezwi usawa wa macho.

Prisma ina mikwaruzo, lakini rangi zinatoka vizuri jua la asubuhi likiingia dirishani, nyekundu ikipinda kidogo na urujuani zaidi.

Kwa mwalimu aliye tayari kuongeza tiyo na CD moja, ninaona dola 65 ni bei ya haki. Kwa anayetaka kufungua na kufundisha siku hiyohiyo, hata 40 ni nyingi. Nilirudi dukani na kibao mkononi, nikamweleza muuzaji habari ya 34 na 42. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho. «Mwalimu,» akasema, «ile namba ni bale ba kiwanda baliandika, miye niko nauzisha tu.» Nilimwomba kalamu, nikafuta 500, nikaandika 600.