Lisle 65600, kifaa cha kung'olea plagi zilizokatikia ndani: nimekitumia mara tatu kwenye injini moja

Kaka yangu aliniletea pikapu yake ikivutwa. Ni Ford F-150 ya mwaka 2006, injini ya lita 5.4 yenye vali tatu kwa kila silinda, na kwenye kiti cha abiria alikuwa ameweka mfuko wenye vichwa viwili vya plagi, vile vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Gereji aliyoipelekea ilianza kubadilisha plagi zote nane kwa mashine ya upepo ya kufungulia nati, ikazikata mbili za mwanzo, ikamrudishia gari pamoja na ule mfuko.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “wamesema lazima hedi ishushwe,” yaani ile sehemu ya juu ya injini inayoshikilia plagi.

Hedi haikushuka. Nilimwomba anipe siku chache, nikaagiza Lisle 65600, na sasa nimekitumia vya kutosha kueleza kinachofanya na kisichofanya. Mwenye gari lenye injini hii asome kabla hajagusa plagi ya kwanza, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya kifaa hiki inaamuliwa na mkono uliotangulia.

Kwanza uielewe plagi yenyewe. Plagi tuliyoizoea ina nyuzi zake chini, jirani na ncha inayotoa cheche. Hii ina nyuzi juu, kisha chini ya nyuzi umeteremka mrija mwembamba mrefu usiokazwa na kitu, umeingia tu kwenye tundu la hedi. Mrija huo na sehemu ya juu ni vipande viwili tofauti vilivyobanwa pamoja kiwandani. Injini inapofanya kazi, masizi yanapanda kwenye mwanya kati ya mrija na hedi, yanakauka humo, yanakuwa kama simenti. Siku ya kufungua, sehemu ya juu inazunguka na mrija umegoma. Pale vilipobaniwa panaachia, na wewe unabaki na kichwa cha plagi mkononi. Ratiba ya Ford inaruhusu plagi hizi zikae hadi maili 100,000, yaani kilomita 160,000 hivi, na umri huo unayapa masizi nafasi ya kutosha. Plagi za namna hii ziliwekwa pia kwenye injini za lita 4.6 na V10 ya lita 6.8 zenye vali tatu. Injini za baadaye zilipewa hedi na plagi za aina nyingine, kwa hiyo hakikisha una ipi kabla ya kununua chochote.

Sasa kifaa. Ndani ya boksi kuna vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni kisukumio. Plagi inapokatika, mara nyingi kauri nyeupe ya katikati inabaki ndani ya mrija na kuziba njia. Kisukumio kinafungwa kwenye nyuzi za hedi, zile zile zilizoishika plagi, halafu ukikizungusha kinaishindilia kauri chini, ndani kabisa ya mrija. Haidondoki kwenye silinda, kwa sababu ule ulimi wa chuma ulioko kwenye mdomo wa chini wa mrija unaizuia. Wazo hili dogo ndilo lililonifanya nikiheshimu kifaa. Watu wengi hujaribu kuichokoa kauri kwa bisibisi, inavunjika vipande vipande, na vipande vinaishia juu ya pistoni.

Cha pili ni king'oleo. Ni fimbo yenye nyuzi ngumu zinazojichongea njia ndani ya mrija ukiigeuza taratibu. Ikishashika, unakaza nati iliyoko juu, na fimbo inapanda pamoja na mrija. Hakuna kugonga, na hakuna keekee inayoingia ndani ya injini.

Silinda ya kwanza ilikuwa na kauri ndani. Nilipuliza kisima cha plagi, yaani shimo refu inamokaa, kwa hewa ya kompresa hadi kikawa safi, nikafunga kisukumio, nikazungusha kwa ratchi ndogo, ile spana inayokaza kwa mkono kwenda na kurudi. Kauri ilitoa mlio wa kusagika, kisha mkono ukawa mwepesi, kisha ukagoma. Hapo imefika. Nikakitoa, nikapaka nyuzi za king'oleo grisi nzito ili inase vumbi la chuma litakalochongwa, nikaingiza. Nilipoanza kukaza nati ilikuwa ngumu kiasi kwamba nilisimama mara mbili kufikiri. Nikamimina dawa ya kusafishia kabureta kandokando ya mrija, nikaacha dakika ishirini, nikarudi. Robo duru moja, nikasikia “tak!” ndani ya hedi, na nati ikalainika. Mrija ulitoka mzima, mweusi kama chini ya sufuria ya kuni. Kaka aliushika kwa kitambaa akaukodolea macho bila neno.

Silinda ya pili ilinitesa, na ninaeleza kwa makusudi. Kauri yake ilikuwa imetoka pamoja na kichwa, kwa hiyo kisukumio hakikuhitajika. Ila aliyetangulia alikuwa ameingiza kitu chenye ncha ndani ya mrija na kujaribu kuunyanyua kama unavyofungua kopo, na mdomo ukapinda kuelekea ndani. King'oleo kinahitaji mdomo wa duara. Hakikuingia. Nilitumia karibu saa nzima, kamera ndogo ya kuchungulia ikiwa upande mmoja na patasi butu mkono mwingine, nikiunyoosha mdomo ule nusu milimita baada ya nusu milimita, kila mara nikifyonza vumbi kwa mashine yenye mpira mwembamba. Uliponyooka, king'oleo kilishika na mrija ukatoka ndani ya dakika kumi. Kifaa hiki kimetengenezwa kwa ajili ya plagi iliyokatika tu, hakikutengenezwa kwa plagi iliyokatika kisha ikaharibiwa. Plagi ikikukatikia, tafadhali, weka bisibisi chini. Funika kisima kwa kitambaa safi na usubiri kifaa kinachofaa.

Zikabaki sita ambazo hazijaguswa. Hizo nilizifungua kwa kufuata utaratibu ambao Ford yenyewe iliwaandikia mafundi, taarifa namba 08-7-6, na nilijipa siku mbili. Injini iwe imepoa kabisa, imelala usiku mzima. Toa koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi, puliza kisima. Fungua plagi kidogo sana, moja ya nane ya duru hadi robo, basi. Mimina dawa ya kabureta kisimani, kiasi cha nusu kijiko cha chai hadi robo tatu, iteremke kwenye nyuzi ulizozilegeza. Taarifa inasema isipungue dakika kumi na tano. Mimi niliacha saa nne, na kwa plagi ya nne na ya nane, zile za nyuma kabisa zilizojificha karibu na ukuta wa kabini, niliacha usiku kucha.

Baada ya hapo ni kazi ya kiganja. Unafungua kidogo, ukisikia uzito unarudisha kama unakaza, unafungua tena. Plagi italia, sauti kali ya kukwaruza, na mtu asiyeizoea atadhani ameharibu. Inayotakiwa kuogopwa ni ile inayozunguka kwa ulaini wa ghafla. Katika zile sita, tano zilitoka zikiwa nzima. Ya saba ililainika ghafla, na nikajua kabla sijaitoa kwamba mrija umebaki. Hiyo ndiyo mara ya tatu ya kutumia Lisle, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameichokoa, tangu kusukuma kauri hadi mrija kutoka ilichukua dakika ishirini na tano.

Kuna mafundi wanaoshikilia kwamba injini iwe ya moto na mashine ya upepo itumike, kwa hoja kwamba mtikisiko unayavunja masizi. Sitaki kubishana na mtu aliyefanikiwa. Lakini taarifa ya Ford inakataza zana za upepo kwenye kazi hii, na nimeona kwa macho yangu kilichotokea kwenye silinda ya kwanza na ya pili. Mkono unasikia. Mashine haisikii.

Kuhusu kifaa chenyewe: chuma chake ni kizuri. Baada ya mara tatu, nyuzi za king'oleo bado ni kali, na sikuona dalili ya kuchoka. Kabla ya kukitumia kwenye silinda ya pili nilijaribu king'oleo cha bei rahisi nilichoazimwa na jirani, kisicho na jina lolote juu yake, nacho kilianza kupinda kabla mrija haujatikisika. Nilikitoa haraka. Kikikatikia ndani ya mrija una tatizo juu ya tatizo. Ningependa boksi la Lisle liwe na maelezo marefu zaidi kuhusu hatua ya kauri, maana hapo ndipo mgeni wa kazi hii atakapokosea: ukiacha kusukuma mapema, king'oleo kinaanza kujichongea juu ya kauri badala ya kuingia kwenye chuma. Sukuma hadi kigome kabisa. Na kipake mafuta au grisi kila mara kabla ya kukiingiza, bila kuruka hata mara moja.

Kabla ya kufunga plagi mpya, ingiza kamera kwenye kila silinda iliyokatikiwa. Nilikuta kipande cha kauri kwenye ya kwanza, kidogo kama punje ya mchele, nikakifyonza. Nisingechungulia, nisingekijua, na kauri ni ngumu kuliko ukuta wa silinda.

Plagi mpya nilizoweka ni Champion 7989. Hizi mwili wake ni kipande kimoja cha chuma kuanzia juu hadi chini, hakuna mahali palipobanwa, kwa hiyo hakuna pa kuachia. Masizi yataendelea kupanda kwenye mwanya ule ule, hilo plagi haiwezi kulizuia, lakini siku ya kufungua nguvu ya spana itafika hadi ncha. Kwangu hiyo inatosha kuzichagua. Ule mrija niliupaka grisi ya nikeli inayostahimili joto kali, utando mwembamba tu, bila kugusa ncha inayotoa cheche. Nilikaza kwa spana ya kipimo hadi nyutoni-mita 34. Usikaze kwa makisio. Hedi ni ya alumini na nyuzi zake hazisamehe.

Injini iliwaka mara ya kwanza, ikatetemeka sekunde chache ikiunguza ile dawa iliyosalia, kisha ikatulia. Kaka alisimama karibu na boneti akisikiliza. “Haikosi hata moja,” akasema, na akaniwekea mkono begani. Pikapu hii ndiyo inayobeba mbao zake na ndiyo inayolisha nyumba yake. Kushushwa kwa hedi kungeiweka juu ya mawe kwa wiki kadhaa.

Swali lililobaki lilikuwa kama plagi za kipande kimoja zingetoka vizuri zikishakaa. Sikutaka kusubiri maili 100,000 kulijibu. Mwaka mmoja baadaye nilimwita kaka alete gari, injini ikalala usiku kucha, na asubuhi nikafungua ya nne na ya nane, zile ngumu za nyuma. Nilitumia ratchi ndogo. Ya nane ilikwaruza mara moja, ya nne haikutoa sauti kabisa. Zote mbili zilitoka nzima, mirija ina masizi mepesi yaliyofutika kwa kitambaa. Nilizipaka nikeli upya, nikazirudisha, nikakaza hadi 34, na Lisle ikabaki ndani ya boksi lake.