Visu vitatu vya kukunja, na kile kilichobaki mfukoni mwangu

Mimi ni fundi wa sola, Lushoto. Ukishapanda juu ya bati la mtu hakuna wa kumtuma akuletee kisu, kwa hiyo lazima kiwe mfukoni. Kinachubua ganda la waya, kinakata kamba ya katani, kinafungua boksi la betri, na saa saba mchana kinamenya chungwa la Muheza. Hadi sasa nimetembea na vitatu.

Cha kwanza nilikinunua mnadani, hakina jina lolote. Kizito, mpini mweusi, ukisukuma kwa dole gumba kinafyatuka "ta!" na wewe unajiona fundi kweli. Visu vya namna hii hujifunga kwa kibati chembamba kilichomo ndani ya mpini: ubapa ukifunguka, kibati kinasogea na kukaa nyuma ya kisigino chake, usirudi. Cha kwangu kibati kilikuwa kinashika ukingoni tu, na mimi sikujua hata pa kutazama. Siku moja nikatoboa kisanduku cha plastiki cha nyaya, nikasukuma ncha kwa nguvu, kibati kikateleza. Kisu kikajikunja juu ya kidole changu cha shahada. Nilishonwa nyuzi tatu, na asubuhi za baridi kidole hicho bado kinakuwa kigumu.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza bei, nakifungua kisu, nashika mpini vidole vikiwa mbali na njia ya makali, halafu nagandamiza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza ya muuzaji. Kikilegea, namrudishia. Wauzaji wengine hununa. Wanune tu.

Cha pili ni Victorinox Spartan, kile chekundu cha Uswisi, milimita 91 kikiwa kimekunjwa. Chenyewe hakina kufuli kabisa, ubapa unashikwa na springi ya mgongoni. Nilikitumia mwaka mzima bila jeraha, kwa sababu nilijua tangu siku ya kwanza kwamba hakifungi: nakata kwa kuvuta, sisukumi ncha. Kifungua kopo chake ni kizuri kuliko vyote nilivyowahi kushika, na ncha ya kifungua kopo hicho inaingia kwenye skrubu ndogo za nyota. Ila mkono wangu ni mkubwa na kazi yangu inataka mpini wa kujaa kiganja. Kimehamia jikoni kwa mke wangu, hakirudi.

Cha tatu ndicho ninacho sasa: Opinel namba 8, cha Ufaransa, alichoniletea shemeji yangu anayeishi Leicester. Kwao Uingereza mwenyewe hawezi kutembea nacho bila sababu ya msingi, maana kinajifunga; kule kinachoruhusiwa bila maswali ni kisichojifunga, makali yasiyozidi inchi 3. Kwenye ndege alikiweka kwenye begi la kupakia, si la mkononi.

Kwa macho ni kisu cha kizamani. Mpini wa mti wa duara, ubapa wa sentimita 8.5 wenye chapa ya mkono uliovikwa taji, na pete ya chuma shingoni. Pete hiyo, waliyoianza mwaka 1955, ndiyo kufuli yake. Unaizungusha, unaisikia ikikaza, na unaiona kwa macho kwamba imeziba njia. Mtu aliyewahi kushonwa kidole anaelewa thamani ya kufuli inayoonekana. Ubapa wenyewe ni mwembamba, haufiki milimita 2 mgongoni, kwa hiyo unapita kwenye boksi bila kulichana, na ganda la waya unalizungusha mara moja tu linavuka lenyewe kama soksi. Kwenye jiwe la kunolea nakipitisha dakika tano, namalizia kwenye mkanda wa suruali, kinanyoa vinyweleo vya mkono.

Changu ni cha chuma cha kaboni. Baada ya chungwa la kwanza ubapa uliingia rangi ya buluu, nikashtuka nikidhani ni kutu. Siyo. Ni asidi ya tunda inayokipa chuma ngozi ya kijivu, na ngozi hiyo inasaidia kidogo kuzuia kutu yenyewe. Nakipangusa kila nikimaliza, na Jumamosi kinapata tone la mafuta ya kula kwenye kiungo. Mti ukilowa huvimba, ubapa ukakaza, kwa hiyo hakioshwi kwa kutumbukizwa kwenye beseni. Kikikaza, gonga kitako cha mpini mezani, ubapa unachomoza wenyewe.

Mtu wa Pangani au Tanga mjini achukue kile kilichoandikwa Inox, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi, kwa ajili ya hewa ya chumvi. Huku milimani, mwenye tabia ya kupangusa kisu chake achukue cha kaboni.